Shuka za Mgeni

Saa nane mchana mhudumu wa makao ya wazee alipita na beseni akikusanya vikombe. Cha Bibi Muhuri kilikuwa kitupu. Cha Mama Pacha, jirani yake wa kitanda, kilibaki na maji ya kufunika kitako tu, naye alikuwa amekishika kwa mikono miwili.

"Niachie nimalizie, mwanangu."

"Bibi, ukinywa saa hizi utalowesha kitanda. Nani atafua? Mimi?"

Aliuliza bila ukali. Wahudumu walikuwa wawili, wazee thelathini na mmoja. Alikitwaa kikombe, akamfuta Mama Pacha mdomo kwa kona ya aproni, akaenda kitanda cha pili. Maji yangerudi asubuhi, pamoja na uji.

Bibi Muhuri alikuwa ameliangalia jambo hili kwa muda. Mkojo wa Mama Pacha ulikuwa na rangi ya chai kavu. Jioni alizungumza na wanawe pacha kana kwamba wamekaa miguuni pake. Asubuhi, akishapata vikombe viwili vya maji, akili ilirudi.

"Leo zamu yangu kwa yule msomi," alimnong'oneza. "Anayetafiti matunzo ya wazee. Nitamwambia habari ya maji."

"Mwambie na habari ya mgongo wangu."

"Mgongo wako una miaka themanini. Chuo kikuu kizima hakiuwezi."

Mama Pacha alicheka, mdomo ukapasuka, ukatoa damu kidogo.

Mtafiti, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alikuwa amepewa meza katika chumba cha wageni. Matroni alikuwa amemwekea bilauri ya maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Utakayosema hapa hayatoki, na jina lako siliandiki. Nataka unisimulie mnavyoishi. Ila kwanza nina maswali mepesi, usiyaogope."

"Uliza tu. Nimekaa dirishani posta miaka thelathini na moja, nimeshaulizwa kila kitu."

Kila asubuhi ya miaka hiyo, kabla ya kufungua dirisha, alizungusha tarehe ya muhuri kwa kidole gumba. Jina lilitokana na hapo.

Alipewa maneno matatu ayakumbuke: kiti, ufunguo, sabuni. Akayarudisha. Akaambiwa atoe saba katika mia, na saba tena, akashuka mpaka hamsini na moja bila kusita.

"Inatosha, mama. Wanafunzi wangu wengine hawafiki huko. Leo ni siku gani?"

Redio ilichukuliwa kutengenezwa tangu mvua zilizopita. Kalenda ukutani ilikuwa ya mwaka jana, imeachwa kwa sababu ya picha yake nzuri ya mlima. Lakini shuka zilibadilishwa kila Jumapili, na zilibadilishwa jana, tena mpya, zinanukia duka. Wiki imekwenda mbio, aliwaza. Uzeeni wiki hukimbia.

"Jumatatu."

Kalamu ilisimama.

"Tarehe?"

"Kumi na saba."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Mtafiti aliigeuza karatasi, akairudisha ilivyokuwa. "Mama, leo ni Alhamisi. Tarehe kumi na tatu."

Bibi Muhuri aliitazama ile bilauri.

"Shuka," alisema polepole. "Wamezibadilisha kwa sababu yako."

"Samahani?"

"Sisi tunahesabu kwa shuka, mwanangu. Hatuna kingine. Lakini achana na siku. Andika hivi: kuanzia saa nane mchana hatupewi maji mpaka asubuhi, tusiloweshe vitanda. Jirani yangu anakauka."

Mtafiti alikuwa ameshafunika kalamu. Alivua miwani.

"Sijasema unadanganya, mama. Lakini utaratibu uliopitishwa ni kwamba anayekosa siku na tarehe, maelezo yake hayachukuliwi. Nikiyaingiza, kamati itautupa utafiti wote."

"Basi waulize wenzangu."

"Nimewauliza kumi na wanane tangu asubuhi." Alipanga karatasi zake, kingo juu ya kingo. "Wawili hawakujibu. Waliobaki wote walisema Jumatatu."

"Sasa si umeijua sababu?"

"Nimeijua. Fomu haina mahali pa sababu."

Matroni aliingia akitabasamu. "Anakuchosha? Nilikuambia, mwalimu, humu wanaojielewa ni wahudumu tu." Aliichukua bilauri, ambayo haikuwa imeguswa, akaimimina kwenye chungu cha maua kando ya mlango.

Chumbani wahudumu walikuwa wakiondoa shuka mpya. Za zamani zilikuwa zimewekwa juu ya kiti.

"Umemwambia?" Mama Pacha aliuliza.

"Nimemwambia."

"Maji yanarudi lini?"

Bibi Muhuri alianza kuhesabu. Mhudumu akaivuta shuka ya kitanda chake, akaikagua kwenye mwanga kama ina doa, akaikunja kwa mikunjo ileile ya dukani, akairudisha ndani ya mfuko wake wa plastiki. Ilikuwa kavu.