Mfungo wa Dada

Kila asubuhi, kabla ya kupasha chai, dada yangu alipasha sauti. Alisimama dirishani, akaanza chini kabisa, akapanda ngazi kwa ngazi mpaka majirani wakaamka. "Saa ya ukutani ya nini," baba mwenye nyumba alizoea kusema, "na huyu tunaye?"

Asubuhi ile alipanda vizuri, halafu katikati sauti ikakatika kama uzi. Alikohoa, akajaribu tena. Ikatoka hewa tupu. Aligeuka akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeificha.

"Vumbi tu," alisema akikwaruza. "Weka chai."

Daktari wa koo hakuona vumbi. Nyuzi za sauti zilikuwa zimevimba. Tiba yake ilikuwa rahisi mno, na nadhani hilo ndilo lililomuudhi dada: anywe maji mengi, na anyamaze. Asiimbe, asinong'one hata. Akipuuza, zitaharibika moja kwa moja.

Jioni akaja Mwalimu wa kwaya, mama mtu mzima aliyemfundisha dada kuimba tangu ana meno ya utoto.

"Pumzika, mwanangu. Siku ya kuzindua kanisa jipya, Kifaranga atakushikia wimbo."

Kifaranga ni binti mwembamba wa kwaya. Tulimpa jina hilo kwa sababu mwanzoni alikuwa akilia kila akikosea.

"Kifaranga?" Dada alicheka, kicheko kikamkwama. "Si bado ana ganda mgongoni huyo?"

"Ganda litadondoka. Koo lako likienda halirudi. Asiyesikia la mkuu..."

"...huvunjika guu. Kwani mimi naimba kwa guu, Mwalimu?"

Nilicheka. Mwalimu hakucheka. "Kiburi ni kiburi, mwanangu, hata ukikivika joho la kwaya."

"Aliyenipa sauti hakumuuliza daktari," dada akajibu.

Kesho yake alitangaza mfungo: bila chakula, bila tone la maji. Akajifungia kanisani, katika chumba cha nyuma tunakotunza majoho, akawa anaomba kwa kupaza sauti. Nilimpelekea chupa ya maji. Kupitia mlangoni nilimsikia akikemea na kulia, maneno yenyewe hayashikiki.

"Dada, kunywa japo kidogo."

"Ondoka! Shetani anakutumia." Sauti yake ilikuwa kama msumeno kwenye mbao mbichi.

Nikaiacha chupa kizingitini. Jioni niliikuta pale pale, imejaa.

Siku ya uzinduzi alivaa joho alilolipiga pasi mwenyewe, akampita Kifaranga, akashika kipaza sauti. Mwalimu aliinua mkono amzuie, kisha akaushusha. Watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Ubeti wa kwanza ulitoka, mzito lakini mzuri, na vigelegele vikapigwa. Ubeti wa pili, pale wimbo unapopanda, alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Nilimwona akishika koo. Kinanda kiliendelea peke yake. Ndipo Kifaranga akaudaka wimbo nyuma yake na kuumaliza.

Daktari hakumgombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema dada ataongea, kwa shida. Kuimba, asahau.

Siku hizi naamshwa na mlio wa sufuria. Jumapili tunakaa benchi la mwisho. Watu humfariji kwamba alijitoa kwa ajili ya Bwana; mchungaji hata alimtaja madhabahuni kuwa mfano wa imani, na dada akainamisha kichwa chini kabisa. Kila baada ya ibada Kifaranga humtafuta. "Shikamoo dada. Niombee." Dada huitikia kwa kichwa na kutazama pembeni.

Jumapili iliyopita Mwalimu alikuja kutuona. Aliketi nasi jikoni, akamshika dada mkono.

"Mwanangu, usimkasirikie Mungu. Ulimwomba akurudishie sauti, akanyamaza. Yeye anajua sababu."

Dada aliitazama chai yake ikipoa. Alivuta pumzi ndefu, kama zamani kabla ya kuimba, nasi tukamwinamia ili tumsikie.

"Sikumwomba anirudishie," alisema, kila neno likikwaruza. "Mfungo wote ule, Mwalimu, nilikuwa namwomba aichukue ya Kifaranga."