Bibi Mlangoni mwa Ndege

Siku mjomba aliporusha ndege kwa mara ya kwanza akiwa rubani mkuu, watu wawili walimkalia kooni. Mmoja ni mkaguzi wa usafiri wa anga, aliyeketi nyuma yake kumpima. Mwingine ni mama yake mzazi, yaani bibi yangu, aliyeketi safu ya pili akipiga simu. Mkaguzi angeweza kumnyima cheo. Bibi alikuwa mgumu zaidi.

"Ndiyo, kitinda mimba wangu! Anaendesha yeye!" Bibi alimtangazia dada yake.

"Bibi, tafadhali zima simu," mhudumu wa ndege akasihi. "Ni amri ya rubani."

"Rubani gani? Huyo aliyekojoa kitandani mpaka darasa la tatu?"

Abiria wakaangua kicheko. Mimi, kando yake, niliona haki ya raia ikipondwa. Kwa ajili ya mdahalo wa mabweni nilikuwa nimemeza sheria ya anga kama vidonge vya malaria. Nikamnong'oneza: "Bibi, mamlaka ya rubani juu yetu huanza milango yote ikishafungwa. Sasa hivi mlango huu uko wazi."

Akanitazama kwa upendo ambao sikuupata hata nilipofaulu hisabati. Kisha akainuka na simu yake, akasimama katikati ya mlango.

"Haya, fungeni tuone!"

Saa ya kuondoka ikawadia. Mjomba akatoka chumba cha marubani, jasho likimchuruzika, mkaguzi nyuma yake na kalamu.

"Mama, unanimwagia unga."

"Nakutangaza, baba. Kuna ubaya gani? Mjukuu wangu kasema mlango ukiwa wazi huna mamlaka."

Mjomba akanyoosha mikono miwili kwa adabu. "Basi nipe nimwamkie mama mkubwa."

Bibi akampa, kifua mbele.

"Shikamoo, mama mkubwa," mjomba akasema, akirudi kinyumenyume kuelekea vitini. Bibi akamfuata, asikose hata neno. Nyuma yao mhudumu akafunga mlango.

Mjomba akazima simu. "Abiria, mlango umefungwa. Keti, funga mkanda."

Bibi akaketi kama mwanafunzi aliyesikia viatu vya mwalimu mkuu. Mkaguzi akacheka hadi miwani ikateleza, akaweka alama ya vema.

"Na wakili wake," mjomba akaongeza, "ahamie kiti cha mwisho, karibu na choo."

Nikamgeukia mteja wangu anitetee.

"Nenda, mjukuu wangu," Bibi akasema, akikaza mkanda. "Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huku mbele imeshamaliza."