Kiboko wa Mguu Mmoja

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba kiboko wa Karungu ni mimi.

Nilirudi nyumbani likizo ya Aprili nikiwa na barua ya mwalimu mkuu mfukoni. Ilisema kwamba shule ikifunguliwa, nibaki nyumbani wiki tatu zaidi nikitafakari mwenendo wangu, kwa kuwa niligonga kengele ya kuamkia saa nane usiku na bweni zima likaenda kuoga. Baba yangu, Osman mwenye duka la vyombo, aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniambia nipange sufuria.

Tulihamia Karungu, kando ya ziwa, kutoka Garissa nikiwa tayari mtu wa bweni, kwa hiyo Kijaluo changu kinaishia kwenye salamu. Shuleni nina watu mia nne wa kunicheka. Hapa nilikuwa na sufuria. Mahali pekee nilipopata watu ni kwenye kijighuba nyuma ya soko la samaki, ambako Mama Phelesia, mzee wa kanisa la Sabato, na akina mama wenzake walikuwa wakipanda upya matete ili samaki wa ngege wapate pa kulelea vifaranga. Nilibeba miche, nikazama matopeni, nikaitwa wuod Osman, yaani mwana wa Osman. Mjukuu wake, Dolphine, aliyemwita Dani, yaani nyanya, alinicheka hata nisipochekesha. Ilikuwa wiki nzuri.

Kisha asubuhi moja tukamkuta mvuvi Maurice na wenzake wakiburuta chandarua cha mbu katikati ya matete. Waliondoka na beseni la vifaranga wadogo kama ukucha. Mama Phelesia aliketi mchangani. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akishindwa bila kupiga kelele. Nikaamua kuchukua hatua.

Nilichonga mguu wa vidole vinne kwenye kigogo, nikagonga nyayo matopeni kutoka majini hadi kwenye matete. Kiboko hutawanya kinyesi chake kwa mkia. Mimi nilitumia samadi ya ng'ombe na ufagio wa dukani. Kufikia saa mbili soko zima lilikuwa na habari, na Maurice alikuwa ameapa kwamba amemwona kwa macho yake, tena ana mtoto. Chandarua kikaanikwa uani.

Ushindi ulikuwa kamili, isipokuwa jambo moja dogo ambalo mtaalamu hakulifikiria: akina mama nao wanaogopa kiboko. Mama Phelesia alimkataza kila mtu kukanyaga pale, Dolphine wa kwanza. "Matete yatajilea," alisema.

Hayakujilea. Kila alasiri upepo ulisukuma magugu maji juu ya miche. Kwa hiyo kila siku, baada ya sala ya alfajiri, Baba akidhani nimebaki msikitini nikisoma, niliingia majini peke yangu kuyavuta nje, kisha nikagonga nyayo mpya. Siku ya tano nilimsimulia korongo kisa cha kengele. Aliruka kabla sijafika kwenye kuoga.

Siku ya tisa nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wewe kiboko, umeshakunywa chai?"

Dolphine alikuwa amesimama ukingoni, viatu mkononi.

"Umejuaje?"

"Nyayo zote ni za mguu mmoja, wa kulia. Huyu mnyama anaruka-ruka kutoka ziwani kama mtoto anacheza mchezo wa mguu mmoja? Aki wewe! Na biology ulipata ngapi?"

Alicheka hadi akashika magoti. Nilisimama na magugu mikononi nikisikiliza tu. Kisha akajifuta macho.

"Waambie watu, Hamud. Utachapwa kidogo, tutarudi. Dani anakuulizia kila siku."

"Nimwambie yeye tu?"

"Dani hajui kudanganya. Maurice akimuuliza, atamwambia."

"Basi wewe uje unisaidie."

"Nafungua Jumatatu."

Nilikuwa nimeisahau Jumatatu. Wengine huwa wanafungua.

Siku hiyohiyo nilikwenda sokoni kukiri. Nilikuwa nimetayarisha hotuba yenye utangulizi. Nilimkuta Maurice ameketi na sindano ya nyavu, chandarua kiko magotini, anaziba tundu la mwisho.

"Wuod Osman! Nyinyi duka lenu linaangalia maji. Huyo jamaa ameshaenda?"

Nyuma yake niliona mlango wa Mama Phelesia uko wazi, na ndani sauti za akina mama wakicheka jambo fulani kwa Kijaluo. Hatua thelathini hivi. Ningesema neno moja tu, kesho wote wangekuwa majini pamoja nami, na huyu mbele yetu na beseni.

"Bado," nikasema. "Nimemsikia leo. Nadhani mtoto anaumwa, mama amekuwa mkali."

"Ah! Basi wacha tu," akasema, akakunja chandarua.

Dolphine aliondoka Jumatatu na sanduku lake la bati. Alinipungia mkono kutoka mbali, kisha akainua mguu wa kushoto na kuutikisa, watu wakimshangaa.

Jumanne nilikuwa nimemaliza kuuchonga mguu wa kushoto. Nilivuta magugu hadi jua lilipotoka. Vifaranga wachache walikuwa wakinigonga kwenye visigino. Kisha nikagonga nyayo kwa utaratibu unaostahili, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kutoka majini hadi kwenye matete. Zilipendeza sana. Pembeni yake kulikuwa na nyayo zangu mwenyewe, za mtu mmoja, kwenda na kurudi.

Nikachukua ufagio, nikazifuta.