Abiria wa Kiti cha Nyuma

Odilo aliponiuliza gari langu linakaaje, nilimjibu habari za matairi.

Tulikuwa tumesimama karibu na soko la Njombe, ukungu bado haujainuka, naye anaizunguka stesheni wagon yangu ndogo akiigonga bodi kwa vifundo vya vidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Odilo ni Mpangwa wa Ludewa. Tulifanya kazi pamoja kwenye ghala la chai mpaka tukastaafu, na sasa anataka kununua gari kama hili.

"Linapanda?"

"Linapanda."

"Hata matope ya Lupembe?"

"Ukiwa na matairi mazuri na huna haraka."

"Na mafuta, linakunywaje?"

"Kama mzee wa kanisa mbele ya mchungaji."

Alicheka mpaka akashika kofia. "Mzee Yoeli, unaliongelea kama uliliunda mwenyewe."

"Sikuliunda. Nimelisoma."

Na ni kweli nimelisoma. Kitabu chake kilikuja kimeandikwa Kijapani kitupu, nami nilikaa nacho mezani nikilinganisha michoro na vitu vyenyewe, hadi nikaijua kila taa ya dashibodi na sababu yake ya kuwaka. Mimi ndivyo nilivyopata kila nilichonacho. Mchana nilibeba magunia ya chai, jioni nikaenda masomo ya watu wazima, na cheti cha kidato cha nne nilikipata wakati mwanangu Remmy yuko darasa la tano. Leseni ya udereva niliipata baada ya kustaafu. Kijana aliyenifundisha alizoea kusema, "Babu, kanyaga klachi." Nikamwambia ndani ya gari hili asiniite babu, aniite mwanafunzi.

Odilo alitosheka na majibu yangu akaenda zake. Lakini hayo hayakuwa majibu. Mtu akitaka kujua kuishi na gari kukoje, inabidi aambiwe nani alikaa wapi.

Gari hili lina tumbo la ng'ombe kwenye mwili wa mbuzi. Ukilaza viti vya nyuma, linameza magunia ya viazi, miche ya parachichi, hata spika za kwaya. Ukiwasha injini, sauti ya mwanamke inasema jambo kwa Kijapani. Siku ya kwanza mke wangu Esteria aliruka kidogo.

"Anasema nini huyo?"

"Anatusalimu," nikamwambia, maana sikujua.

"Kamwene, mama," akaijibu dashibodi, kwa salamu yetu ya Kibena. Tangu hapo akawa anamwitikia kila asubuhi. Baadaye fundi mmoja aliniambia kuwa mwanamke yule halalamiki wala hasalimu, anasema tu kuna kadi ya kulipia barabara za kwao haijachomekwa. Sikumwambia Esteria. Salamu ni salamu.

Esteria alikaa mbele, kushoto kwangu, kikapu katikati ya miguu na kitenge magotini kwa sababu ya baridi. Kazi yake ilikuwa kuniendeshea kwa mdomo.

"Baba Remmy, lori."

"Nimeliona."

"Umeliona baada ya mimi."

Hivyo ndivyo tulivyosafiri, kwa Kibena, tukibishana njia nzima, kwenda kanisani, kwenda kwa dada yake Lupembe, kwenda kwa binti yetu Rejoice aliyeolewa Makambako. Kibena ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Kiswahili Esteria alikitumia sokoni, hospitalini na kwa wageni.

Kisha akaanza kupotewa na mambo. Kwanza majina ya wajukuu. Halafu sufuria zikaonekana kabatini, katikati ya nguo. Nikampeleka hospitali ya Ikonda, tukaonwa na daktari mpole aliyenieleza bila kunificha kwamba ugonjwa ule wa kusahau una dawa za kuupunguzia mwendo, lakini hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Niliyaelewa yote aliyosema, nikamshukuru. Esteria alimshukuru pia, akamwuliza kama wazazi wake hawajambo.

Asubuhi moja ya mwezi wa baridi, nyasi zimekuwa nyeupe kwa umande ulioganda, nilimfungulia mlango wa mbele kama kawaida. Yeye akanipita, akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa, akajifunika miguu.

"Mama Remmy, njoo mbele."

"Hapa panatosha, baba," akanijibu. Kwa Kiswahili.

"Mbele pana joto."

"Ahsante, baba. Lakini mimi nina mume. Nikikaa mbele na dereva nisiyemjua, watu watasemaje?"

Niliketi nyuma ya usukani nikashindwa kugeuza ufunguo. Nilikuwa nimejiandaa asinijue. Sikuwa nimejiandaa anikatae kwa ajili yangu.

Nilipoweza kusema, nilisema kwa Kibena. Uso wake ukabadilika, nikauona kwenye kioo.

"Kumbe wewe wa kwetu! Mtoto wa nani?"

Nikamtajia jina la baba yangu.

"Lo! Basi wewe ni ndugu wa Baba Remmy! Mbona hajakutaja hata siku moja?" Akapiga makofi mara moja. "Shikamoo, shemeji. Usimlaumu. Huyo akianza kujisifu husahau kuwa ana ndugu."

"Anajisifu?"

"Weee shemeji, humjui! Cheti chake amekitia fremu. Wageni wakija, kwanza anakifuta vumbi, ndipo anawakaribisha viti."

Nilicheka. Kwa kweli nakifuta.

Basi nikawa shemeji. Kwetu shemeji ana ruhusa ya kutaniwa, na Esteria alinitania kama hakuwahi kunitania nikiwa mume. Alisema naendesha kama mtu anayepeleka mayai. Alisema mke wangu, yule wa dashibodi, anasema kila siku maneno yaleyale, na kwamba pengine mume hamsikilizi. Nami nikawa namtoa kila siku baada ya chai, tunazunguka mpaka mashamba ya chai na kurudi, hatuna tunakokwenda. Majirani waliona naharibu mafuta. Mimi nilikuwa nasikia habari zangu.

"Nikiwa na mimba ya Rejoice," aliniambia siku moja, "Baba Remmy alikuwa ananichotea maji. Mchana kweupe, ndoo kichwani! Wanaume wenzake wanacheka mpaka wanakaa chini. Yeye akawaambia, 'Ninyi hamjasoma, vitabuni ndivyo ilivyoandikwa.'" Akavuta kitenge magotini. "Hakuna kitabu kilichoandika hivyo. Alinionea huruma tu, akaona haya kusema."

Katika ndoa yetu yote hakuwahi kuniambia kwamba alijua.

Lakini tukirudi nyumbani, aliteremka uani na kuuliza, "Baba Remmy hajarudi?" Nami nilijibu, "Bado." Usiku aliingia chumba walicholala binti zetu zamani, akafunga komeo. Mimi nililala kitandani kwetu peke yangu, shemeji wa mke wangu.

Ningeweza kuendelea hivyo. Nilipaswa kuendelea hivyo. Lakini nilikuwa nimezoea maisha yangu yote kwamba jambo ukilikazania linakubali kueleweka.

Tulikuwa tunatoka kwa dada yake Lupembe. Niliegesha kando ya barabara, karibu na mahali wakulima wanapongoja lori la kubeba majani ya chai. Jua lilikuwa limetoka na Esteria alikuwa mtulivu kuliko siku zote. Akasema polepole, akitazama nje, "Shemeji, nimemkumbuka sana kaka yako. Mikono yake ilikuwa inanuka chai."

Nikageuka nyuma. Nikamnyooshea mikono yangu. Nikamwita kwa jina lake, ambalo mume wa rika langu hamwiti mkewe.

"Esteria. Nitazame. Mimi ndiye mumeo sasa. Hakuna mwingine wa kungoja. Ni mimi."

Neno moja nililiweka vibaya. Nilisema "sasa". Hata nisingelisema, sidhani kama jambo lingebadilika, lakini nimelifikiria neno hilo kuliko neno lolote nililosoma shuleni.

Alinitazama.

"Amekufa," alisema.

"Nani?"

"Baba Remmy amekufa. Ndiyo maana mnanizungusha na gari kila siku, mnaogopa kuniambia. Amekufa, na wewe umekuja kunirithi!"

Zamani kwetu ndivyo ilivyokuwa: mume akifa, nduguye humchukua mjane. Kanisa limepigana na desturi hiyo tangu kabla hatujazaliwa, na bibi yake Esteria alirithiwa hivyo, akaishi na uchungu huo mpaka kaburini. Esteria alikuwa amesahau majina ya wajukuu wake, lakini hilo hakulisahau.

Alifungua mlango, akateremka, akavua kilemba. Akalia. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kusikia mkewe akimlilia msiba. Aliniita kwa majina yangu yote, hata jina la utoto ambalo mama yangu peke yake alilitumia. Alisema nimemwacha na nani. Alisema sasa atamwambia nani kwamba lori linakuja. Wachumaji wa chai waliacha vikapu wakaja mbio, wanawake wakamshika mabega.

"Pole, mama. Nani amefariki?"

"Mume wangu!"

Wakanigeukia mimi. "Pole, mzee. Alikuwa nani kwako?"

Nilisimama barabarani, kofia mkononi.

Nyumbani aliketi chini sakafuni kama mfiwa, kitenge kiunoni, akakataa chakula. Nikiingia anajivuta ukutani. Dada yake alijaribu, mchungaji akajaribu, kila mmoja akamwambia kwamba mumewe ndiye huyu hapa. Kila walipomwambia alilia upya, maana aliona hata mchungaji amekubali arithiwe.

Nikampigia Rejoice. Alifika na basi kutoka Makambako, akakaa na mama yake chini, wakanong'ona muda mrefu. Nilisikia Esteria akila. Ndipo Rejoice akatoka nje kunifuata nilipokuwa nafuta vioo vya gari ambavyo havikuwa na vumbi.

"Baba, nimemwambia hujafa. Nimemwambia umesafiri, na kwamba akungoje kwangu."

"Aningoje wapi? Hii ndiyo nyumba yake."

"Anakuogopa, baba."

"Ananiogopa mimi?"

"Anamwogopa shemeji." Rejoice ana sura ya mama yake akiwa na hasira, na wakati ule alikuwa anajitahidi asiwe nayo. "Ukibaki naye hapa, wewe ni marehemu. Akija kwangu, u hai, uko safarini. Baba, mimi siwezi kukuchagulia."

"Nitakuja kumwona?"

Alitazama chini. "Labda ukija kama dereva."

Nilimjibu kwa ukali. Nilisema sikusoma kwa shida yote ile ili niwe dereva wa mke wangu mwenyewe. Alichukua kitambaa mkononi mwangu, akanisaidia kufuta kioo. Tukafuta wote wawili mpaka nikakubali.

Kesho yake Rejoice na mama yake walikaa kiti cha nyuma. Nilivaa kofia niliyoishusha usoni na koti la Remmy la zamani, ili asimwone shemeji. Nilipowasha gari sauti ya Kijapani ilisema maneno yake, na Esteria hakuitikia. Sikusema Kibena. Tulipita Mtwango, misonobari pande zote mbili, nami naona malori kwa macho yangu mwenyewe na kuyapisha mapema. Nyuma walikuwa wakizungumza kuhusu mimi. Esteria alitaka kujua kama nimebeba sweta.

Rejoice anaishi Makambako karibu na maghala ya mbao, kwenye kichochoro ambacho gari likisimama limeziba njia. Niliteremka nikamfungulia mama mlango. Alishika mkono wangu kushuka, akauachia mara alipokanyaga chini, kwa adabu.

"Ahsante, dereva," akasema kwa Kiswahili. "Umetuendesha vizuri. Unarudi Njombe?"

"Narudi, mama."

"Unamjua Baba Remmy? Yule wa ghala la chai. Mrefu, wa majivuno majivuno."

"Namjua."

Akanikaribia. Akashusha sauti ili Rejoice asisikie, ingawa Rejoice alikuwa amesimama hapo hapo na begi mkononi, ananitazama.

"Baba, niambie kweli. Watoto wananificha. Ni mzima?"

Nilikuwa na Kibena chote kinywani. Nilikuwa na jina lake.

"Ni mzima, mama," nikasema. "Nimemwona leo asubuhi. Amesema anakuja."

Alifunga macho, akayafungua. Sijamwona na furaha ile tangu tulipokuwa vijana. Alinigeuzia mgongo papo hapo, kama mtu mwenye kazi nyingi, akaingia ndani ya geti akimwuliza Rejoice kama kuna unga wa kutosha na kama kuku wa pale ni wao, maana Baba Remmy akifika atakuwa hajala.

Nilibaki nimeshika mlango. Lori la mbao nyuma yangu likapiga honi, dereva wake akatoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Mzee, sogeza gari hilo!" Nikaufunga mlango, nikalisogeza.