Jeneza Halikati Kona

Usingizi unanichukua koridoni, wala sikuuita. Nimetandika mkeka hapo kwa sababu ndipo penye upepo, unaingia mlango wa mbele unatokea uani, na fundi Hoza kaenda kula, matofali yake keshayapanga pembeni. Akirudi anaanza ukuta. Hii ni nyumba yetu ya Ngamiani, nyumba ya Kiswahili kama zilivyo za majirani wote, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na mimi nimeichoka. Korido inakula nyumba! Nimeamua naiziba. Mbele napata sebule moja ya maana, nyuma yake masta yangu yenye choo ndani, jiko linatoka uani linaingia ndani, mlango mkubwa unahamia ubavuni, na mama namhamishia chumba cha mwisho kabisa, kimya, unapita jikoni, unakata kona, unakata nyingine, ndiyo umefika. Mama hajasimama kwa miguu yake tangu mwezi wa Rajabu. Asubuhi nimemweleza mpango wote huku namlisha uji, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, Somoe, na hizo kona jeneza langu litazipindaje? Nikamwambia mama wee, usituchurie, kunywa uji. Akanywa. Na mimi nikanuna, maana mtu unamtengenezea chumba kizuri yeye anakuuliza jeneza.

Basi nalala, na upepo unakatika. Kukatika kwake ndiko kunakoniamsha, au ndivyo ninavyodhani, kwa sababu nafumbua macho niko juu ya mkeka uleule lakini mkeka uko sebuleni, sebule yangu mpya, imekwisha, marumaru zinameremeta, makochi yamepangwa, dari la jipsamu na taa zake. Loh, Hoza kumbe fundi! Sikufichi, moyo unafurahi. Nanyanyuka nikaitazame masta, nafungua mlango, naingia sebuleni. Sebule ileile, makochi yaleyale, ila yaliyokuwa kulia yako kushoto. Nacheka, nasema nimezunguka vibaya, nafungua mlango mwingine, naingia sebuleni, na makochi yamerudi kulia. Nafungua, naingia. Nafungua, naingia. Kicheko kinaniishia njiani sijui wapi, na sasa natembea upesi, na kila sebule ina harufu ya rangi mbichi na kila sebule haina upepo. Kwenye mojawapo kuna mtu amekaa kwenye kochi langu, kavaa kanzu, futi ya kupimia iko mkononi. Namwambia Assalaam alaykum, jikoni ni wapi? Anageuka. Hana uso. Mahali pa uso pamepigwa lipu, laini kabisa, bado haijakauka. Jikoni ni baada ya sebule, anasema, na sauti inatoka kifuani. Na sebule ni baada ya nini, namuuliza. Baada ya jikoni, anasema, na anaivuta ile futi, anaivuta, haina mwisho.

Hapo ndipo nawasikia. Lailaha illallah, taratibu, sauti za wanaume wengi, kama zinatoka chumba cha pili, kisha cha pili yake, kisha mlango unafunguka wanaingia wamebeba jeneza, na wote nyuso zao zimepigwa lipu. Siulizi ni la nani. Juu yake imetandazwa kanga ya mama, ile anayojifunika kila siku. Natia mkono kichwani, nalia, nalia kwa sauti, na aliye mbele ananiambia usitie mkono kichwani, mwenye ramani, tangulia, jua linakwenda na maiti hacheleweshwi. Namwambia mimi mwanamke, mimi siendi kaburini. Hatukwambii uende kaburini, anasema, tunakwambia ututoe nyumbani. Natangulia. Nafanya nini na nyumba ni yangu? Nawapitisha mlango wa kwanza, wanapita. Wa pili, wanapita. Tunafika penye kona, ile kona niliyoichora mwenyewe kwa mkono wangu, na jeneza linakwama. Mbele limegusa ukuta na nyuma halijaingia. Wanarudi nyuma, wanasogea, wanainamisha huku, wanainua kule, wapi! Mmoja anasema tulisimamishe. Na sauti inatoka chini ya kanga, nani huyo ananisimamisha? Mnataka kunipa kizunguzungu?

Mama! nasema. Hujafa? Nimekufa, anasema, lakini sijatoka.

Namrukia yule mtu wa futi, kumbe yuko hapohapo kwenye kochi, namkamata kanzu, namwambia nionyeshe mlango wa mbele sasa hivi, la sivyo utanitambua. Anasema, kitendawili. Nasema tega, kwa sababu kule huwezi kusema neno jingine. Nyumba yangu haina mlango. Yai, nasema, hata mtoto mdogo anajua, ni yai! Si yai, anasema, jaribu tena. Sijui, namwambia, na wale wamebeba mzigo wanahema. Basi nipe mji, anasema. Nami kwa haraka na kwa ujinga wangu namwambia shika Tanga, nenda. Anakaa vizuri kwenye kochi, anasema nimekwenda Tanga, nimepita Ngamiani barabara zote, nimekula, nimeshiba, nimelala, na Tanga sasa ni yangu, na jibu ni nyumba yako, Somoe. Nakimbilia dirishani nafungua pazia niite jirani. Hakuna jirani. Hakuna barabara. Kuna sebule, makochi yake yamegeuzwa, na ndani yake mwanamke kafungua pazia ananitazama, kavaa nguo zangu, analia.

Natafuta nyundo, naipata, hata sijui naipatia wapi, navunja ukuta. Nyuma ya ukuta sebule. Navunja wa pili, sebule. Vumbi limeniingia mpaka kooni, mikono inatoka damu, na naona damu inadondoka kwenye marumaru na haikai, marumaru zinaifuta zenyewe. Nyuma yangu wale wanaume wamechoka, mabega yanatetemeka. Basi mwanangu, anasema mama, na sauti yake imepoa, ile sauti yake ya kunibembeleza nikiwa na homa. Watu wa watu hawa, wapumzishe. Nichimbieni hapahapa, kati ya makochi, patanifaa. Wanalitua jeneza. Wanashika sululu, wanang'oa marumaru moja, wanang'oa nyingine, na chini yake udongo mweusi, wa baridi, na shimo linakwenda chini haraka kuliko wanavyochimba. Najitupa humo. Najilaza humo ndani mimi, nimekumbatia udongo, napiga kelele sizibi! Mama, korido naiacha, haki ya Mungu naiacha, nisamehe, utatoka mbele moja kwa moja, utatoka kama walivyotoka wenzio wote! Na mama anasema, taratibu, juu yangu, Somoe, maneno hayo niambie ningali hai.

Upepo. Naamka kwa upepo, niko koridoni juu ya mkeka, kanga imelowa jasho, mlango wa mbele uko wazi na jua limejaa barazani. Hoza karudi, kainama kwenye karai anakoroga saruji, kanipa mgongo. Tofali za mwanzo keshazipanga katikati ya njia. Hoza, ondoa, namwambia, ondoa zote, sijengi. Hanigeukii, anasema sawa bibi. Nainuka mbiombio nakwenda chumbani kwa mama, neno liko mdomoni tayari, nisije nikalichelewesha tena. Kitanda kitupu. Shuka imekunjwa nusu, nagusa, ina joto. Natoka na ukelele, Hoza, mama yuko wapi? Bi mkubwa? anasema, na mwiko wake unakwaruza karai, mbona katoka sasa hivi. Kakuruka hapo ulipolala, kashika njia ya mbele. Kaniambia nisikuamshe. We Hoza una wazimu, namwambia, unajua fika mama hasimami! Mimi nimemwona, anasema, na hanigeukii.

Najifinya mkono, naumia. Hata kule nyundo iliniumiza. Nasimama katikati ya korido, huku mbele huku uani, naita kwa nguvu zangu zote, mama! Kutoka nje, mbali kidogo, upande wa barabara, sauti yake inaitikia, Somoe, mbona nimepita vizuri. Na kutoka chumbani, nilikotoka sasa hivi, sauti yake inaitikia, Somoe, unaongea na nani? Ni yeye kule na ni yeye huku. Neno langu ni moja, anatakiwa alisikie aliye hai, na sijui nikamwambie yupi.