Mtani Aliyenipa Pole

Baba yangu, mzee Kasimiri, alikuwa mrina asali wa Igalula, Tabora, na siku tuliyomzika, mtu aliyetuchekesha kuliko wote alikuwa Bi Mwanamkuu. Yeye ni Mzaramo, mtani wetu. Babu zake na babu zetu walianza kutaniana enzi za kubeba mizigo kwenda pwani, na kwetu Wanyamwezi msiba usio na mtani ni msiba uliopooza.

Alivaa koti la marehemu, akakumbatia ndoo yake ya asali, akajilaza mlangoni kuzuia jeneza. "Hatoki mtu hapa! Mchoyo huyu kaninyima asali miaka arobaini, leo anakimbilia kaburini!" Mama, ambaye alikuwa hajala siku mbili, akacheka mpaka kitenge kikamdondoka begani. Kisha akaomba uji. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Na mimi Dafrosa, mtoto wa kwanza wa marehemu, nilikuwa wapi? Nilikuwa nimeshika simu, narekodi.

Nauza asali mtandaoni, kwenye ukurasa uliokuwa na wafuasi mia tatu, nusu yao ndugu. Siku ya tatu nikakata kipande kifupi, koti na kelele bila uji wa mama, nikaandika: "Vituko vya msibani Tabora." Msinionee huruma, nilijua ninachofanya. Ningeongeza neno moja tu, mtani, watu wangeelewa. Sikuliongeza kwa sababu kituko kinavuta watu kuliko mila.

Kesho yake watazamaji walifika laki nne. Wakaandika: mchawi huyo, bibi hana haya, pengine kamuua yeye. Chini yao wengine wakauliza asali inapatikana wapi. Nikawajibu wa asali. Wa uchawi nikawaacha waendelee.

Najiat, mjukuu wa Bi Mwanamkuu, akanipigia kutoka Dar. "Da Dafrosa, bibi haendi tena sokoni hapo Igalula. Watu wanamwita mchawi mchana kweupe. Ifute basi, nakuomba."

"Naifuta, mdogo wangu. Leo leo."

Sikuifuta siku hiyo, wala wiki hiyo. Nilikuwa nafunga madumu ya kwenda Mwanza. Nilipokuja kuifuta ilikuwa imeshazagaa kwenye kurasa za watu nisiowajua. Nilifunga zizi ng'ombe wameshafika mnadani.

Siku ya arobaini tukaanua tanga. Mtani ndiye hufagia majivu ya moto wa msiba, huku akidai kuku na kuutukana ukoo mzima. Bila yeye, tanga halijaanuliwa. Tangu alfajiri mama alikuwa akiuliza, "Mtani wetu mbona hajafika?" Mama hana habari na mitandao, na mimi sikuwa na mdomo wa kumwambia.

Alifika saa nne asubuhi, amevaa baibui, amejitanda vizuri. Hakupiga kelele njiani. Nikakimbia kumpokea, na kwa kuwa niliogopa kuomba radhi, nikajaribu utani. "Mzaramo weye! Umenusa pilau?"

Siku zote angenijibu kwa tusi la kuniangusha chini. Safari hii alinipa mkono. "Poleni sana na msiba, mwanangu. Mungu amrehemu baba yako."

"Shikamoo, bibi." Nikamwamkia kama mgeni.

"Marahaba."

Akaenda kuketi kwenye viti vya wageni, mikono mapajani. Mama akamletea ufagio na lile koti la baba, anatabasamu tayari, anasubiri. Bi Mwanamkuu akalipokea koti, akalikunja taratibu, akamrudishia.

"Fagieni wenyewe, dada yangu. Mimi siku hizi natazamwa."

Mama akageuka kunitazama. Sikuweza kumtazama yeye. Nikaokota ufagio nikayafagia majivu ya msiba wa baba yangu mwenyewe, jambo ambalo kwetu halifanywi, na uani hakuna aliyecheka. Nilipomaliza, Bi Mwanamkuu alinishukuru kwa adabu, akaaga. Hakudai hata kuku.