Diski za Shangazi Herlinda

Mimi nikisema diski ya breki haifai, haifai. Nimezifungua na kuzifunga mpaka mikono yangu inanuka chuma hata nikiwa kanisani. Mwaka ule ilikuwa zamu yangu ya kuzitumikia baiskeli za kijiji, na katika kijiji chetu, huku juu kwenye misonobari ya Oaxaca, hakuna anayeamua kitu peke yake. Mkutano ndio unaoamua mti upi ukatwe, nani apige kengele, na diski gani zifungwe kwenye baiskeli za wageni.

Na mkutano ulikuwa umekasirika. Mgeni mmoja, jitu zima kutoka kaskazini, alishuka njia yetu ya Msalaba, breki zikapata moto, zikamtupa mkono pale chini ya kona, naye akaishia ndani ya mikonge na bega limevunjika. Wazee wakasema Jumapili ipigwe kura, njia ifungwe. Njia ile tuliichonga wenyewe kwa jembe na sururu, kila nyumba ikitoa mtu wake. Sisi tunaoongoza wageni tunaishi kwa njia hiyo. Ikifungwa, tungefunga mabegi kwenda kuosha vyombo kwa watu huko kaskazini, kama walivyofanya kaka zetu, na mimi sikuwa na nia ya kuosha sahani ya mtu.

Diski zilizokuwapo zilichaguliwa na Filiberto, mume wa dada yangu, aliyeshika zamu kabla yangu. Zilipendeza, siwezi kukana: nyembamba, nyepesi, zimejaa matundu kama kitambaa cha meza ya harusi.

"Diski hazina tatizo," aliniambia tukiwa jikoni kwa shangazi Herlinda, tunakunywa uji wa mahindi. "Tatizo ni yule mgeni. Hajui kushika breki. Mimi nimeshuka njia ile mara ngapi? Niliumia wapi?"

"Wewe, shemeji, ukipanda baiskeli, baiskeli yenyewe haijui kama imepandwa."

"Endelea tu kucheka. Wanaoshindana mjini wanatumia hizi hizi."

Shangazi Herlinda, ambaye ndiye anayewapikia wageni wote na ndiye mtu mzito kuliko wote kijijini, akaja na bakuli lake akaketi kwenye ncha ya benchi. Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya mawe mawili. Filiberto alikuwa kwenye ncha ya pili. Ubao ukainuka, naye akainuka nao, na uji wote ukammwagikia mapajani.

"Benchi langu halipendi waongo," shangazi akasema, akaendelea kula.

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Niliona kosa letu pale pale, juu ya ubao. Sisi watu wa milima hii ni wadogo, wembamba, wa kupanda na kushuka. Kila diski tuliyowahi kununua tuliijaribu wenyewe, tukashuka mpaka mtoni, tukasema safi kabisa. Halafu tunampandisha mtu mwenye uzito wa wawili wetu na kumtakia safari njema.

Nikateremka mjini. Muuza duka akanitolea diski za kung'aa, nikamwambia azirudishe kabatini. Nilitaka chuma kinene chenye matundu machache: diski ya mbele yenye upana wa milimita mia mbili na tatu, ya nyuma mia na themanini. Diski pana hulishika gurudumu kwa nguvu zaidi, na chuma kingi huchelewa kupata moto, basi. Nilikuwa nimeshahakikisha kwamba uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, unaukubali ukubwa ule. Nikachukua na pedi mpya za breki, zile zinazoibana diski, maana pedi za zamani huja na visirani vya ndoa yao ya kwanza.

Kwenye mkutano nilizipitisha mkono kwa mkono. Mwenyekiti wetu, Don Crisóforo, akaziweka magotini, moja huku na moja huku.

"Zenaida, mwanangu, mbona ya mbele umeipa kubwa na ya nyuma ndogo? Hapa kwetu kila mtu anapata sawa."

"Mwenyekiti, nyumbu wako akishuka na mzigo wa kuni, anajikaza kwa miguu ipi?"

Akafikiri. "Ya mbele."

"Ndiyo hivyo."

Filiberto akasimama. "Hivi ni vifuniko vya sufuria, jamani. Mnataka kutwisha baiskeli vifuniko vya sufuria? Diski zangu zinambeba mtu yeyote, hata..." Akasita.

Shangazi Herlinda alikuwa mlangoni akigawa tamale za mahindi zilizofungwa kwa majani. Ukumbi mzima ukajifanya unatazama dari.

"Hata nani, Filiberto? Malizia."

"Hata yeyote, shangazi."

"Mnaona haya kusema, mimi sioni." Akaweka sinia chini. "Kabla sijaolewa nilikuwa nasambaza mikate kijiji cha chini kwa baiskeli isiyo na breki. Nilikuwa nasimama kwa kiatu. Mpeni Zenaida nafasi, afunge hizo sufuria zake, nishuke mimi."

Don Crisóforo akakubali: shangazi akifika mtoni salama, njia ingebaki. Niliogopa kidogo, kwa ajili yake. Kwa diski sikuogopa hata chembe.

Lakini diski mpya haziamki na nguvu zake zote, lazima zizoeane na pedi. Kwa hiyo nikampeleka shangazi kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, nikamwamuru akimbize, ashike, akimbize, ashike, mpaka sketi yake ikajaa vumbi. Filiberto alikaa ukingoni na maneno yake.

"Shangazi, unaifundisha baiskeli kupiga magoti?"

"Naifundisha kukaa kimya. Wewe nilishindwa."

Jumamosi asubuhi tukashuka, mimi mbele, shangazi katikati, Filiberto nyuma na baiskeli yenye diski zake, maana alisema hawezi kuachwa kwenye hadithi inayomhusu. Mteremko wa juu ni mrefu, mizizi na mawe, unashika breki karibu muda wote. Kwenye kona ya Msalaba nusu ya mkutano ilikuwa inasubiri na Don Crisóforo wao. Nikasimama, nikageuka. Shangazi akaja na sketi yake inapepea, akashika, akasimama pale alipotaka kusimama. Nikatemea mate diski yake ya mbele, ikachemka. Nikabana mkono wa breki. Ulikuwa imara kama uwanjani.

Kisha akafika Filiberto, naye akasimama vizuri tu.

"Mmeona?" akawaambia wazee. "Na zangu zimeshika."

Don Crisóforo akakuna kidevu. "Kama hizi zinashika na zile zinashika," akasema polepole, "basi ubaya uko kwenye njia."

Wenzake wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Nikafungua mdomo, lakini shangazi aliniwahi.

"Filiberto, teremka. Nipe yako. Kuanzia hapa mpaka mtoni nashuka na yako."

Kuanzia pale ndipo pabaya. Mikonge aliyoangukia mgeni ilionekana kutoka tuliposimama, majani yake bado yamevunjika. Filiberto akaitazama, akamtazama shangazi, aliyemkanda mke wake na kumpikia siku arobaini za uzazi. Mikono yake haikuachia usukani.

"Haitafaa, shangazi."

"Kwa nini? Si zinambeba mtu yeyote?"

Akasema kitu chini chini.

"Sema kwa sauti. Mwenyekiti ana sikio moja bovu."

"Nimesema utaumia. Zimeshapata moto. Kwangu mimi zinatosha. Wewe hazitakushika."

Don Crisóforo akavaa kofia yake.

"Basi si njia," akasema. "Shuka na za Zenaida, Herlinda. Tutakukuta mtoni."

Akashuka. Tulimsikia mpaka chini, anawafokea kuku wa watu wampishe, na mara akafika akatuita tuache uvivu. Wazee wakamfuata kwa miguu, wanabishana juu ya nyumbu.

Filiberto, mwepesi vile, ambaye diski zile zingemfikisha bila taabu, hakupanda tena. Alishika njia kwa miguu, anaisukuma baiskeli pembeni yake. Nilikuwa na maneno ya kumchoma tangu siku ya benchi, nikayameza. Nikateremka kwenye baiskeli yangu, nikatembea naye.

"Kesho, baada ya kura, nitakusaidia kuzifungua," akasema.

"Leo, shemeji."

"Haya," akasema. "Leo."